Nyumba Ikishapigwa Picha, Fidia Iko Wapi?

Mthamini akifika mtaani huwa na kamera, futi ya kupimia na kibao cha namba. Mwenye nyumba husimama mbele ya mlango wake, kibao kifuani, akapigwa picha. Vyumba huhesabiwa, na choo, kisima, minazi na miembe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akishuhudia. Kuanzia hapo mwenye nyumba haruhusiwi kuongeza hata tofali. Atakachojenga baadaye hakitalipwa.

Mamlaka ya kutwaa ardhi ni ya kisheria. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, hivyo mwenye hati anamiliki haki ya kuitumia tu. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inamruhusu Rais kuichukua kwa manufaa ya umma. Sina ugomvi na hilo. Reli ya kisasa isingetoka Dar es Salaam kama kila mwenye kiwanja angekuwa na kura ya turufu.

Mamlaka hayo yamewahi kutumika kwa ukali, hata hivyo. Aprili 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Nyumba iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 10 haikulipiwa hata senti, kwa hoja kwamba mwenyewe alikwisha kula kodi ya kumtosha. Wengi wa waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia.

Tumetoka mbali. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika kesi ya Lohay Akonaay kwamba hata haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Kanuni za fidia za mwaka 2001 nazo zina ukarimu ambao wengi hawaujui: juu ya bei ya soko kuna posho ya usumbufu, pango la miezi 36, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Tani 12! Ni vyombo vya nyumba ngapi za Mbagala hivyo?

Karatasi ni nzuri, basi. Kinachoumiza ni kusubiri. Nyumba inavuja lakini fundi haitwi, mpangaji anahama, bei ya viwanja kule unakotarajia kuhamia inapanda, na jina lako limekaa kwenye daftari la wanaopisha mradi. Sheria inasema fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa izae riba, na uthamini ukipita miaka 2 urudiwe. Wangapi wamewahi kuidai hiyo riba?

Waliojenga ndani ya hifadhi ya barabara wao hawana hata cha kusubiri. Mwaka 2017, Kimara hadi Kibaha, alama ya X nyekundu ilitangulia na tingatinga likafuata, bila fidia.

Ndugu msomaji, ukithaminiwa, usitoke hapo bila nakala ya fomu uliyosaini. Andika tarehe, itunze pamoja na hati yako, na mwezi wa saba ukiingia hujalipwa, peleka barua ya kudai riba kwa aliyekutwalia.