Chumvi Yenye Madini Joto na Mgonjwa wa Tezi

Mgonjwa wa tezi ya shingo akisikia kwamba maradhi yake yanahusiana na madini joto (iodini), mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: huiacha chumvi ya paketi na kutumia ya mawe, au hununua vidonge vya madini hayo na kumeza bila kupimwa. Yote mawili ni makosa, kwa kuwa yanayachukulia maradhi ya tezi kuwa ugonjwa mmoja. Tezi hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, 250. Yakipungua kwa muda mrefu, tezi huvimba, na rovu la aina hii lilienea sana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huzidisha tatizo: sianidi yake hugeuka mwilini kuwa thayosianeti, nayo huizuia tezi kuchukua madini joto, jambo lililochunguzwa sana katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu.

Lakini yuko mgonjwa mwingine, ambaye tezi yake imeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, au imeondolewa kwa upasuaji. Huyu hakosi madini. Anakosa homoni, na dawa yake ni homoni. Akijazia vidonge vya madini joto au vya mwani, tezi iliyobaki inaweza kuzidi kudhoofika. Mwenye ugonjwa wa Graves, ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, naye hana haja ya nyongeza hiyo. Hata hivyo, hakuna sababu ya kuitoa chumvi ya kawaida jikoni. Ikiwa kila kilo ina miligramu 30 za madini joto, gramu 5 zinampa mlaji mikrogramu 150 tu, yaani mahitaji yake ya siku.

Wapo watakaopinga kwa kutaja Zimbabwe na Kivu, ambako katika miaka ya 1990 watu walipata homoni za tezi kupita kiasi baada ya chumvi hiyo kuingia. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Waliodhurika zaidi ni watu wazima waliokaa miaka mingi bila madini hayo, wenye tezi zilizokwisha kufanya vinundu visivyotii tena amri ya mwili. Funzo lake ni kwamba kiwango kiwandani kipimwe bila kuchoka, na wenye rovu la zamani wafuatiliwe. Kuwanyima wajawazito madini hayo kungeleta madhara makubwa zaidi kwa watoto wao.

Mwenye shinikizo la damu naye atauliza: nimeambiwa nipunguze chumvi, nifanyeje? Apunguze. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Hicho kidogo anachobakiza ndicho kiwe na madini joto, kihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu. Kuyaepuka madini hayo kabisa ni kwa wiki moja au mbili tu, kabla ya tiba ya iodini yenye mionzi, na ni kwa agizo la daktari. Kwa hiyo, kabla hujabadilisha chumvi ya nyumbani, muulize daktari wako jina la ugonjwa wako, na kama ni mjamzito au unatarajia kuwa, mwambie siku hiyohiyo.