Hedhi ya Damu Nyingi na Hesabu ya Chuma Mwilini

Msichana avunjapo ungo, huambiwa kuwa kutokwa na damu kila mwezi ni jambo la maumbile. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamwelezi ni kiasi gani cha damu kilicho cha kawaida.

Kwa wastani, mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi moja. Mwaka 1966, wataalamu wa Göteborg, nchini Uswidi, walichapisha vipimo vya wanawake 476, wakaonyesha kuwa upungufu wa damu huwapata zaidi wale wanaopoteza kupita mililita 80.

Hesabu yake ni rahisi. Kila mililita ya damu hubeba chuma kiasi cha nusu miligramu. Hivyo mililita 80 huondoka na miligramu 40. Kwa njia nyingine mwili hupoteza takriban miligramu 1 kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Jumla ni 70. Chuma kifyonzwacho kutoka katika chakula kwa kawaida ni miligramu 1 hadi 2 kwa siku, yaani 30 hadi 60 kwa mwezi. Basi akiba hupungua mwezi hata mwezi, na hatimaye himoglobini, ichukuayo oksijeni, hushuka. Ndipo huja uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio.

Vyanzo ni vingi. Kwa wasichana, huenda mayai hayajaanza kupevuka kwa utaratibu, na homoni zikakosa uwiano. Kwa wanawake wakubwa, uvimbe katika misuli ya mji wa mimba ni sababu mojawapo. Pengine kasoro imo katika damu yenyewe. Mwaka 1926, daktari Erik von Willebrand wa Finland alieleza ugonjwa wa kurithi unaozuia damu kuganda barabara. Msichana ambaye uchunguzi ule ulianzia kwake alifariki akiwa na umri wa miaka 13, katika hedhi yake ya nne.

Leo dawa zipo. Asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako na Shosuke Okamoto na kutangazwa mwaka 1962, huzuia damu iliyoganda isiyeyushwe mapema. Humezwa siku za hedhi tu. Zipo pia dawa za homoni, na vidonge vya chuma hurudisha akiba. Daktari ndiye achaguaye, baada ya kupima himoglobini na kutafuta chanzo. Aspirini isitumiwe kutuliza maumivu ya hedhi hiyo, kwani huzidisha kutoka kwa damu.

Dalili za kumpeleka msichana hospitali ni pedi kulowa kabisa kila saa moja au mbili, hedhi kupita siku 7, au kutoka mabonge makubwa ya damu. Mwalimu amwonapo mwanafunzi anayesinzia na kukosa masomo kila mwezi, asimhukumu kuwa ni mvivu. Amshauri akapimwe damu.