Ruhanga, Mungu na Mugasha: tuelewane



Mzee mmoja alifariki katika kijiji kimoja cha Muleba. Mtoto wake wa kwanza ni Mlutheri. Wa pili ni Mwislamu. Wa tatu anafuata mila za wazee. Maiti iko ndani, wao wako nje wanagombana. Huyu anataka mchungaji, yule anataka shehe. Wa tatu anataka kuwawekea wazee wa ukoo amwani na lubisi. Jua likazama, kaburi halijachimbwa.

Ugomvi wa namna hii unatokana na kutoelewana. Hebu tuangalie kila mmoja anaamini nini.

Wazee wetu wa Buhaya

Wazee walimjua Ruhanga, muumba wa vitu vyote. Jina hilo linatokana na neno okuhanga, yaani kuumba. Lakini walimwona yuko mbali. Kwa shida za kila siku waliwaendea wakubwa walio chini yake. Mugasha alikuwa na ziwa, mvua na dhoruba. Irungu alikuwa na pori na wawindaji. Wamara alikuwa mkuu wa wafu. Pia kila nyumba ilikuwa na mizimu ya ukoo wake.

Ni kama zamani za Bakama. Mtu wa kawaida hakuingia kwa Mukama moja kwa moja. Alianzia kwa mukungu wa kijiji chake.

Waislamu

Uislamu ulifika kwetu karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara na kwa njia ya Buganda. Mwislamu anasema Mwenyezi Mungu ni mmoja, hana mshirika. Malaika wapo, na majini wapo. Lakini hao wote ni viumbe vyake tu, hawaabudiwi. Mtu humwomba Mungu mwenyewe.

Wakristo

Mapadri wa Kikatoliki walifungua misioni ya Kashozi mwaka 1892. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika mwaka 1910, wakawakuta Wahaya waliokwisha kupata habari za Injili kutoka Buganda. Wakristo wanasema Mungu ni mmoja: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wakatoliki huwaomba watakatifu wawaombee kwa Mungu. Walutheri hawafanyi hivyo.

Je, Mungu ni yule yule?

Hapa watu hawakubaliani. Wakristo wengi wanaposali kwa Kihaya humwita Mungu Ruhanga. Wanasema wazee walimjua, ila hawakumjua vizuri. Wengine wanasema sivyo, maana Ruhanga wa wazee hakuwa na amri wala kitabu. Na Mugasha je? Mvuvi wa mila atasema ni mkubwa wa ziwa. Mchungaji na shehe watamkataza asimwabudu.

Gazeti hili haliwezi kuamua jambo hilo. Lakini tunaona kwamba wote wanakubali kuna Muumba mmoja juu ya vyote. Tofauti kubwa iko katika njia ya kumfikia, na nani anastahili kuombwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini yake.

Turudi msibani

Shangazi yao alitoka nje akauliza, "Enyi wanangu, baba yenu mwenyewe alitaka azikwe na nani?" Wote kimya. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kesho yake alizikwa na mchungaji, maana jina lake lilionekana katika kitabu cha kanisa. Mtoto mmoja hakufika kaburini. Mpaka leo hawasalimiani, na migomba yao inapakana.

Basi ndugu msomaji, waulize wazee wako wangali hai. Wewe nawe, sasa unajua kuandika. Andika unavyotaka uzikwe, wasomee watoto wako wote pamoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Wazee wa Buhaya waliomba nini kwa Mugasha?
2. Malaika wa Waislamu na watakatifu wa Wakatoliki wana tofauti gani?
3. Kama ungekuwa shangazi, ungewashauri nini watoto wale?