Mashine ya Kukimbilia na Afya ya Moyo

Wako wenzetu hapa shuleni wanaocheka wakisikia kwamba watu wa mjini hulipa fedha ili wakimbie juu ya mkanda wa mpira pasipo kufika po pote. Husema ni kazi ya mwenda wazimu. Kicheko chao kina sababu, maana asili ya mashine hiyo ni gerezani.

Mwaka 1818 fundi mmoja wa Uingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vipandio kama ngazi. Wafungwa walijipanga juu yake wakakanyaga kwa saa nyingi. Gurudumu likazunguka, nao wakabaki pale pale. Katika magereza mengine lilisaga nafaka au kuvuta maji, na katika mengine halikusaga kitu ila upepo. Mwishoni mwa karne ile adhabu hiyo iliachwa. Basi imekuwaje adhabu ikageuka dawa?

Jibu lilipatikana katika mabasi ya London. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza habari za madereva na makondakta. Dereva alikaa kitini kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikata tikiti. Ikaonekana kwamba makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioshikwa na ugonjwa hawakufa upesi kama wenzao. Watu wakauliza, je, huenda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo? Morris akachunguza hata vipimo vya suruali zao za kazi! Kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Lakini hata mwembamba akilinganishwa na mwembamba, kondakta alikuwa na nafuu.

Sababu yake ni hii. Moyo ni msuli, na msuli ukitumiwa hupata nguvu. Moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo mtu akipumzika hupiga polepole. Misuli ya miguu nayo huvuta sukari kutoka katika damu, na shinikizo la damu hupungua. Moyo haujui kama miguu iko barabarani au juu ya mkanda.

Faida ya pekee ya mashine ni kwamba kazi yake yaweza kupimwa. Daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, aliitumia hivyo, na kipimo alichokitangaza mwaka 1963 kinatumika hata leo. Mgonjwa hufungwa nyaya kifuani, akaanza kutembea kilomita 2.7 kwa saa, mkanda ukiwa umeinuliwa mita 10 kwa kila mita 100. Kila baada ya dakika tatu mwendo na mwinuko huongezwa. Moyo ambao ulionekana mzima mtu alipolala kitandani, hapo huweza kufichua kasoro yake.

Nayaandika haya hasa kwa ajili ya kaka zetu waliomaliza shule. Wengi walikuwa wakimbiaji hodari. Sasa wamekaa maofisini, na hata safari ya hatua mia tatu huita bodaboda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma. Kiwango cha chini ni nusu saa kwa siku tano, wala si lazima kukimbia. Kutembea kwa haraka, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba, kwatosha.

Mwenye kutumia mashine asining'inie kwenye vishikio, maana huko ni kuipunguzia miguu kazi. Akimbiaye ainue mkanda asilimia 1, kwa kuwa ndani ya nyumba hakuna upepo wa kumpinga. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza, asianze kwa ushujaa.

Asiyekuwa na mashine atafute kilima. Apande kwa haraka dakika tatu, ashuke polepole, arudie mara tano. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani, ahesabu mapigo ya mkononi kwa dakika moja na kuyaandika katika daftari. Baada ya miezi mitatu alinganishe ukurasa wa kwanza na wa mwisho.