Boma likawa hoteli: Je, nani anauza mayai?

MSAFIRI anayetoka Mtwara mjini kwenda Lindi hufika Mikindani baada ya takriban kilomita 10. Mlimani, likitazama ghuba, kuna boma jeupe lenye kuta nene na mnara. Wajerumani walilijenga mwaka 1895 liwe makao ya utawala wao.

Mikindani ilididimia baada ya Waingereza kujenga bandari ya kina kirefu Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga wa miaka ya 1940. Mradi ulikufa, bandari ikabaki, na nyumba nyingi za mawe za mji wa zamani zikageuka magofu.

Boma liliokolewa na Trade Aid, shirika la Uingereza, lililolikarabati miaka ya 1990 na kuligeuza hoteli ndogo. Vijana wa mji walifundishwa humo upishi, usafi wa vyumba na kuhudumia wageni.

Hata hivyo, jengo zuri peke yake halimtajirishi jirani. Magodoro na viyoyozi havitengenezwi Mikindani. Fedha ya mgeni hubaki pale tu chakula na kazi za ufundi vinaponunuliwa karibu.

Chukua mfano wa hoteli ya vyumba 10. Ikijaa, wageni wawili kila chumba, kila mmoja akila mayai mawili asubuhi, yanahitajika mayai 40, yaani trei moja na mayai 10. Wiki inayofuata wakiwepo wageni wawili tu, yanatakiwa manne. Kuku hawajui msimu wa watalii. Mfugaji anayeitegemea hoteli pekee ataumia. Hoteli iwe mteja wa nyongeza, soko la mjini libaki tegemeo.

Kwa mvuvi tatizo ni malipo. Hoteli nyingi hulipa mwisho wa mwezi na hudai risiti, wakati yeye anataka fedha leo anunue mafuta ya mashine. Hapo ndipo mchuuzi mwenye mtaji na barafu anapoingia, anamlipa mvuvi papo hapo kwa bei ya chini na kungoja malipo ya hoteli. Si mwizi huyo, anauza subira. Wavuvi wenye kikundi, akaunti ya benki na sanduku la barafu wanaweza kuiuza wao wenyewe.

Upande wa ufundi nako kuna kazi. Ukuta wa matumbawe na chokaa ukipigwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani, na baada ya muda plasta hubanduka. Fundi anayejua chokaa ana haki ya kudai ujira mzuri. Boriti za mikoko nazo si za kujikatia tu: mdomo wa Ruvuma umo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000.

Wenye nyumba kongwe wajihadhari na wanunuzi wa milango. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, mlango wa mbao ulionakshiwa kabla ya 1940 unalindwa, na kuusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Tena nyumba iliyong'olewa mlango wake, mwekezaji wa hoteli akija ataitolea bei ya gofu.