Tiba ya Maumivu Sugu ya Kiuno

Mwaka 1862, katika mji wa Luxor nchini Misri, Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo lililoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na katika gombo hilo, ambalo mwanachuoni James Henry Breasted alilichapisha na tafsiri yake mwaka 1930, mna habari za wagonjwa 48, waliopangwa kuanzia majeraha ya kichwa kushuka chini. Wa mwisho wao ni mtu aliyeteguka pingili ya uti wa mgongo. Tabibu anaagizwa amwambie anyoshe miguu, na mgonjwa, kila anapoinyosha, huikunja upesi kwa ukali wa maumivu. Kisha tabibu anaagizwa amlaze chali, na kabla hajaambiwa afanye nini zaidi, maandishi yanakatika katikati ya sentensi. Agizo hilo la kumlaza mgonjwa lilidumu karne nyingi mno. Lilikaa katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, na majumbani mwetu lingali lipo, maana mtu akilalamika kiuno huambiwa asiiname, asibebe kitu, atulie kitandani mpaka apone. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwa nini ushauri huo umeachwa na matabibu, na ni nini kilichowekwa mahali pake; kwa kuwa nimeona watu wengi, wenye nguvu na umri wa kutosha wa kufanya kazi, wakidhoofishwa na khofu ya mgongo wao kuliko walivyodhoofishwa na mgongo wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Wala hakuna maradhi mengine ulimwenguni yanayowazuia watu wengi zaidi katika shughuli zao. Wengi hupata nafuu katika majuma machache, watibiwe wasitibiwe. Ninaowakusudia hapa ni wale ambao maumivu yao yamepita miezi mitatu, muda ambao matabibu wameufanya kuwa mpaka wa kuyaita sugu: hamali wa bandarini azoeaye kupokea gunia begani, mkulima ashindaye ameinama na jembe la mkono, mama achotaye maji kisimani ndoo baada ya ndoo, dereva wa bodaboda akaaye juu ya pikipiki kutwa katika barabara za mashimo, na karani ambaye hainui kitu kizito kuliko kalamu, walakin jioni hawezi kuondoka kitini bila kushika meza.

Taabu ya maradhi haya huzidishwa na kutoonekana kwake. Aliyevunjika mguu ana plasta ya kuonyesha, na mwenye homa hupimwa joto. Mwenye kiuno hana shahidi ila ulimi wake, na ulimi ukirudia shtaka lile lile mwezi baada ya mwezi, wasikilizaji huchoka. Mwajiri humdhania mvivu, mwenzi wake hudhani amechokwa, na mwenyewe huanza kujishuku. Pwani kwetu kuna dhiki nyingine isiyosemwa hadharani: kiuno cha mwanamume huhesabiwa kuwa ndicho makao ya nguvu zake za ndoa, kwa hiyo aumwaye huona haya kusema, akaenda kwa siri kununua mizizi na vikombe vya dawa za nguvu, ambavyo havina uhusiano wowote na pingili wala misuli inayomuuma. Mwanamke naye aghalabu huambiwa ni chango, au ni taabu za uzazi, avumilie. Mwingine huambiwa ni figo, akanywa dawa za figo miaka, na figo zake ni nzima. Kadiri siku zinavyopita usingizi hupungua na simanzi huongezeka. Mtu huacha kwenda harusini, msibani na barazani, na upweke huo huyapa maumivu nguvu mpya.

Kiuno kimejengwa kwa pingili tano, nene kuliko nyingine zote za uti wa mgongo, na kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kisahani chenye ute mzito katikati na ukanda mgumu pembezoni. Na kandokando yake kuna viungo vidogo, kano, misuli na mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Kila kimoja cha hivi chaweza kuuma, na kwa kuwa vyote vimesongamana mahali pamoja, kwa wagonjwa tisa hivi katika kumi tabibu hawezi kuonyesha sehemu moja kwa kidole akasema hii ndiyo asili. Jibu hilo huwaudhi wagonjwa, nami nawaelewa, kwani asiyeambiwa jina la adui yake hudhani ameambiwa kwamba hana adui. Ukweli ni kwamba maumivu yake ni halisi kabisa. Lakini mishipa ya fahamu na ubongo, vikiisha kupokea habari za maumivu kwa muda mrefu, huzidi kuwa vyepesi vya kushtuka, mithili ya mlinzi wa ghala aliyekwisha kuibiwa, ambaye sasa hupuliza filimbi hata kwa panya. Kukosa usingizi humzidishia mlinzi huyo wasiwasi, huzuni humzidishia, na zaidi ya vyote khofu. Mwenye maumivu sugu anaposikia kisu kiunoni wakati wa kuinama, hudhani kitu kimechanika tena ndani, na mara nyingi sana hakuna kilichochanika. Jambo hili ndilo kubwa kuliko yote niliyo nayo ya kusema: kwamba kuumwa si ushahidi wa kuharibika.

Kabla ya kumwambia mtu asiogope, ni wajibu kwanza kuwatenga wachache wenye haki ya kuogopa. Mtu aliyeumwa kiuno kisha akafa ganzi sehemu za siri na makalio, au akashindwa kukojoa, au mkojo na choo vikamtoka bila kujizuia, au miguu ikamlegea, huyo apelekwe hospitali siku ile ile bila kungoja asubuhi, maana mishipa iliyobanwa namna hiyo yaweza kufa moja kwa moja. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili na maumivu yasiyotulia hata alalapo, apimwe kifua kikuu, ambacho katika nchi zetu hakijatoweka na ambacho hula pingili zenyewe mpaka mgongo ukafanya kibyongo, kama alivyoeleza daktari Percivall Pott wa London mwaka 1779. Na siku hizi kina dawa zinazokiponya zikimezwa kwa ukamilifu. Wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa wana ugonjwa wao wa bruselosi, nao huingia mgongoni pamoja na homa. Aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka kwa kishindo, na kijana ambaye kiuno chake hukakamaa kila asubuhi kwa nusu saa na zaidi, kikalainika anapotembea na kukaza tena anapopumzika, hao pia wana sababu ya kuchunguzwa mapema, kwa kuwa maradhi yao yana tiba ya peke yake.

Waliobaki, ambao ndio wengi mno, aghalabu hukimbilia picha. Mwaka 1934 madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston walitangaza kwamba diski iliyochomoza yaweza kubana mshipa wa fahamu na kuleta maumivu yashukayo pajani hadi mguuni, na kwamba kisu chaweza kuiondoa. Ugunduzi wao ulikuwa wa kweli, na umewafaa wengi wenye maumivu ya namna hiyo. Bali uliwazoeza matabibu na raia kuitafuta diski katika kila kiuno. Ikaja mashine ya MRI, ionyeshayo diski waziwazi, na mwaka 1994 Maureen Jensen na wenzake wakafanya jambo la busara: waliwapiga picha watu 98 wasioumwa mgongo. Zaidi ya nusu yao walionekana na diski iliyovimba, na asilimia 27 na diski iliyochomoza. Wenye diski safi zote walikuwa asilimia 36 tu. Basi mgonjwa aliyeuza mbuzi au kukopa ili alipie kipimo hicho, kisha akakabidhiwa karatasi iliyojaa habari za diski zilizochakaa na pingili zilizoota ncha, anarudi nyumbani ameshika maelezo ambayo yangeweza kuandikwa juu ya jirani yake asiyeumwa popote, naye kuanzia siku hiyo hutembea akidhani mgongo wake umeoza. Picha ni amana nzuri mikononi mwa tabibu anayetafuta jambo mahsusi, kama mojawapo ya zile dalili za hatari. Pasipo hayo, madhara yake katika moyo wa mgonjwa ni makubwa kuliko faida.

Na kitanda, je? Mwaka 1995 matabibu wa Ufini walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watumishi 186 wa mji wa Helsinki walioshikwa na kiuno kwa ghafula. Baadhi waliamriwa kulala siku mbili, baadhi walipewa mazoezi, na baadhi waliambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kwa kadiri maumivu yatakavyowaruhusu. Nao hao wa mwisho ndio waliopona upesi kuliko wote. Ikiwa siku mbili za kulala zilimchelewesha mtu kupona maumivu mapya, mwenye maumivu ya miaka anayejilaza kila yanapopanda hujidhuru kwa njia nyingi: misuli hunywea, viungo hukaza, pumzi hupungua, na khofu ya kusimama hukua.

Dawa nazo zina mipaka yake. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumsaidia mtu kwa siku chache, naye ambaye amezigeuza kuwa chakula cha kila siku, au achomwaye sindano dukani kila kiuno kinapomkumbusha, anajitafutia vidonda vya tumbo, shinikizo la damu na maradhi ya figo, yaani zile figo alizokuwa akizilaumu bure. Dawa za jamii ya afyuni zilipimwa kwa mwaka mzima katika jimbo la Minnesota, Marekani, kwa watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo au ya viungo vya nyonga na magoti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliopewa dawa hizo hawakuwashinda wale waliopewa dawa za kawaida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unazikataa dawa hizo, tena unaikataa mikanda ya kiuno na tiba ya kuvuta mgongo kwa uzito. Bali unakubali elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kuchuliwa na mtu ajuaye kazi yake, na mazungumzo na mtaalamu wa nafsi. Kwa hiyo simkatazi mtu kukandwa kwa maji ya moto, wala kuchuliwa kwa mafuta, maana joto na mkono mwema hulegeza misuli na kufungua nafasi ya kutembea. Nafasi hiyo ikitumiwa kwa kulala imepotea.

Hapo ndipo tunapofika kwenye tiba yenyewe, nayo ni mwendo. Husimuliwa kwamba mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, Robin McKenzie, mtaalamu kijana wa viungo, alimwambia mgonjwa aliyekuwa na maumivu ya kiuno na mguu aingie chumbani alale kifudifudi, asijue kwamba kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Aliporudi baada ya dakika chache alistaajabu kumkuta mtu amelala mgongo umepinda kinyume, katika hali ambayo wakati huo ilidhaniwa ni ya hatari, na maumivu ya mguu yametoweka. Kutokana na tukio hilo McKenzie alijenga mpango mzima wa mazoezi ambao umeenea ulimwenguni. Walakin waliopima mazoezi ya kila namna hawakuona namna moja iliyoziacha nyingine mbali sana: mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021, yaliyokusanya majaribio 249, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza maumivu sugu kwa kiasi cha pointi 15 katika kipimo cha 100 kuliko kutofanya lolote. Si muujiza, na asemaye ana muujiza anauza kitu. Hata hivyo kwa mtu aliyeshindwa kulala usiku, pointi 15 ni usingizi.

Kutembea ndiko kulikonivutia zaidi, kwa kuwa hakuhitaji fedha. Huko Australia watu 701, waliokuwa wamepona tukio la kiuno siku si nyingi, walifuatiliwa, na wale walioongozwa kutembea kidogo kidogo mpaka kufika nusu saa mara tano kwa juma walikaa siku 208 hivi kabla maumivu hayajarudi, na wenzao siku 112; habari hiyo ilitangazwa mwaka 2024. Mwenye maumivu ya miaka asianze na nusu saa. Aanze na umbali ambao ana hakika nao, hata ukiwa ni hadi msikitini na kurudi, aushike kwa juma zima siku mbaya na siku nzuri, kisha auongeze kidogo. Kosa la wengi ni kufua nguo zote za nyumba siku wanayojisikia vizuri, kisha kulala siku tatu. Anayekuna nazi juu ya mbuzi aondoke kila baada ya muda mfupi. Afagiaye ajitafutie fagio lenye mpini mrefu. Ashindwaye kusujudu ana rukhsa ya kusali ameketi, na kiuno kinapolainika arudie rukuu yake pole pole bila kuogopa, maana mgongo umeumbwa kuinama. Na jamaa wa nyumbani, ambao kwa huruma humnyang'anya mgonjwa ndoo mkononi, wangemfaa zaidi kama wangeijaza nusu wakamwachia.

Maumivu yatarudi siku moja, na mgonjwa ayatazamie bila kufadhaika. Yakirudi, apunguze mwendo asiukomeshe, atumie joto, ameze dawa siku chache ikiwa tabibu ameiidhinisha, na katika juma lile lile arudi katika kiwango chake cha zamani hatua kwa hatua. Mwenye hospitali ya mkoa au ya rufaa karibu aulize idara ya fiziotherapia kabla ya kuuliza bei ya picha, na aendapo aseme mambo anayotaka kuyaweza tena, kama kubeba mtoto, kupanda daladala au kulima shamba lake, kwa kuwa mtaalamu mwema hupanga mazoezi yake kwa kuyafuata hayo.