Kubadili Bamba la Msumeno wa Mviringo

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo maseremala wengi huiona ni ndogo, nayo ni kutoa bamba lililochakaa katika msumeno wa mviringo na kutia jingine. Kazi yenyewe yaweza kwisha kwa robo saa. Lakini fundi aliyenifundisha useremala alikuwa na vidole vitatu tu katika mkono wake wa kushoto, na kila mwanafunzi mpya alipofika alionyeshwa mkono ule kabla ya kuonyeshwa randa. Vidole viwili vilipotea siku moja aliyobadili bamba kwa haraka, akaacha kurudisha kisu cha nyuma, ambacho nitakieleza.

Yafaa kwanza tujue tunashughulika na nini. Chukua bamba lenye upana wa milimita 300, linalozunguka mara 3000 kwa dakika. Kila jino lake huenda mita 47 kwa sekunde moja, yaani karibu kilomita 170 kwa saa. Hakuna mkono wa mtu uwezao kukwepa kitu kiendacho hivyo. Kwa sababu hiyo hadhari yote hufanywa mashine ikiwa imesimama.

Basi zima mota, kisha chomoa plagi ukutani, uilaze mahali unapoiona kwa macho yako. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana mtoto au mwenzako aweza kuigusa pasipo kujua. Ikiwa msumeno waendeshwa kwa injini na ukanda, zima injini na kuuondoa ukanda. Ngoja bamba lisimame lenyewe. Usilibane kwa kipande cha ubao ubavuni, kwani huenda likapinda.

Sasa ndipo uvae glavu, kwa kuwa meno hukata hata yasipozunguka. Lakini uzivue kabla ya kuiwasha mashine tena. Glavu ikinaswa na jino huuvuta mkono wote ndani.

Ondoa kifuniko na kile kibao kilichozunguka bamba mezani, uliinue bamba mpaka juu kabisa. Lizuie lisizunguke kwa pini ya mashine, au, kama haina, kwa kipande cha mti laini kilichokaza kwenye meno. Wengi hutaabika na nati hapa, wakaipiga nyundo, kumbe wanazidi kuikaza. Aghalabu nati hii imetengenezwa hivi kwamba mzunguko wa msumeno usiweze kuilegeza. Basi ili kuifungua, igeuze kwa upande ule ule ambao bamba huzunguka kazini. Tumia spana yake yenyewe, na uishike hivi kwamba ikiteleza mkono wako uende mbali na meno.

Bamba likiisha kutoka, tazama visahani viwili vilivyokuwa vikilibana. Vifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo mpaka utomvu na vumbi viishe, kisha uvikaushe. Chembe ndogo ya vumbi iliyobaki kati ya kisahani na bamba huliinamisha bamba zima, na kosa lisiloonekana katikati huwa kubwa mara tatu au nne kwenye meno. Ndiyo sababu fundi hulalamika kwamba bamba jipya lachoma mbao, naye hajatazama visahani.

Likague bamba jipya mwangani. Je, lina ufa katika mabonde ya meno? Jino lolote limetoka? Wapasuao mvule wajue kwamba mti huo mara nyingine huwa na mawe ndani yake, na mawe hayo huvunja meno. Soma pia mzunguko mkubwa ulioandikwa juu ya bamba; usiwe mdogo kuliko ule wa mashine yako. Na tundu la katikati likae sawasawa juu ya ekseli. Nimeona watu wakizungushia ekseli bati la kopo ili tundu kubwa lijae. Huko si kutengeneza.

Litie bamba ili meno ya upande wako, juu ya meza, yatazame kwako na kuelekea chini. Kaza nati kwa spana kwa nguvu za kawaida, bila bomba la kuirefusha. Kisha ondoa pini au kile kipande cha mti, uzungushe bamba kwa mkono duara zima.

Sasa nakuja kwenye kisu cha nyuma, ambacho watu wengi hukiona ni adha, hasa katika mashine zinazoundwa karakanani kwetu, na nyingi hazina kabisa. Meno ya mbele hushuka, lakini ya nyuma hupanda. Ubao ukijibana nyuma ya msumeno, meno yale huuinua na kuurusha kwa anayeusukuma, na mkono uliokuwa juu ya ubao huangukia bamba. Kisu husimama katika njia ya mkato na kuuzuia usijifunge. Huko Uingereza kanuni za mwaka 1922 zilikwisha kuamuru kiwekwe, pamoja na kifuniko cha juu. Unene wake uzidi kidogo ule wa bamba, lakini usizidi upana wa mkato. Na nafasi kati yake na meno isipite milimita 8. Ukibadili bamba kubwa kwa dogo, basi nafasi hiyo hubadilika, wala usiseme kwamba jana ilikuwa sawa.

Rudisha kibao na kifuniko, ukishushe kifuniko karibu na ubao. Ubao wa kuongozea uwe sambamba na bamba. Tayarisha na kijiti cha kusukumia, urefu wake milimita 450 au zaidi, ukitumie katika milimita 300 za mwisho za kila mkato.

Hesabu vyombo vyako, hasa spana. Ndipo uchomeke plagi, usimame kando wala si mbele ya bamba, uliache lizunguke tupu kwa nusu dakika. Ukisikia mlio usio wa kawaida, au meza ikitetemeka, zima, chomoa, uanze tena tangu visahani.